Madhur Jaffrey, mwigizaji aliyefeli mtihani wa mapishi

Siku ya mtihani wa mwisho wa mapishi, katika shule moja ya wasichana ya Delhi, wanafunzi waliwekewa viazi, nyanya, vitunguu, tangawizi, viungo vya Kihindi na jiko la makaa, wakaambiwa wapike. Mmoja wao hakujua aanzie wapi. Darasani walikuwa wamefundishwa vyakula vya wagonjwa vya Kiingereza, vile vya maziwa kukorogwa na wanga hadi yagande. Nyumbani kwao kulikuwa na wapishi, na kazi yake yeye ilikuwa kula. Akafeli.

Msichana huyo ni Madhur Jaffrey, aliyezaliwa Delhi mwaka 1933. Mwaka 1982 alisimama mbele ya kamera za BBC akaanza kuwaonyesha Waingereza namna ya kupika chakula cha Kihindi majumbani mwao, na hadi leo ukiingia katika nyumba nyingi za Uingereza utakuta kitabu chake kimesimama kando ya jiko, kurasa zimeshikana kwa mafuta na manjano. Humo katikati hakupita chuo chochote cha upishi. Hakuajiriwa jikoni mwa hoteli. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba yeye ni mwigizaji, na chakula kimekuja juu ya hapo.

Sasa kazi hii ni ya namna gani, ambayo mtu anaweza kuifikia bila kupita jikoni kwa mabwana wa upishi? Hapo ndipo penye fundo, na nadhani linafunguka tukianza na neno letu wenyewe. Kiswahili kinasema "mpishi" tu. Lakini kila mtu wa pwani anajua kwamba mpishi wa sufuria kubwa za harusi si yule wa hotelini, na wote wawili si yule dada wa nyumba ya tatu ambaye mabinti wa mtaa mzima hupelekwa kwake kabla ya kuolewa wakafundishwe. Wa harusi anajua wingi. Wa hotelini anajua kutoa sahani ileile, kwa ladha ileile, Jumatatu na Jumamosi. Yule dada anajua jambo jingine kabisa: anajua mtu asiyejua hukosea wapi. Mpishi wa televisheni ni ndugu yake huyo wa tatu.

Ndiyo maana majina makubwa ya kazi hii mara nyingi hayakutoka mikahawani. BBC ilianza na mwenye mkahawa, Mfaransa Marcel Boulestin, aliyepika mbele ya kamera London mwaka 1937, watazamaji wakiwa wachache kwa sababu televisheni zenyewe zilikuwa chache. Lakini Julia Child, aliyeanza kipindi chake cha upishi wa Kifaransa katika kituo cha WGBH cha Boston mwaka 1963, alijifunza kupika akiwa mtu mzima, baada ya kuhamia Paris na mumewe. Delia Smith, aliyewafundisha Waingereza kuchemsha yai na kuoka keki kuanzia 1978, hakuwa mpishi mkuu wa mkahawa wowote, na kipindi chake kilitoka idara ya elimu ya BBC. Watu hawa walikuwa walimu, na mwalimu anayekumbuka siku alizokuwa hajui ana faida juu ya yule aliyezaliwa akijua.

Jaffrey alizikumbuka siku zake vizuri. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda London kusomea uigizaji katika chuo cha RADA. Alitoka katika nyumba ambayo watu 40 au zaidi wa ukoo mmoja walikuwa wakikaa kula pamoja, akaingia katika mji wa nyama ya kijivu na kabichi iliyochemshwa hadi ikalegea. Njaa yake ilikuwa ya aina ambayo mkate hauitibu. Akamwandikia mama yake Delhi: nifundishe kupika. Mama akajibu kwa barua za ndege, kwa Kihindi, mapishi ya mistari michache michache.

Aliyewahi kuelekezwa mapishi na mama yake kwa simu anajua barua hizo zilivyokuwa. Weka hiki kidogo, kile kiasi, kaanga mpaka kiwe sawa. Sawa ni ipi? Mama anadhani inajulikana, maana yeye huiona. Binti yuko mbali, ameshika mwiko, na "kiasi" haina namba. Kilichomwokoa Jaffrey ni ulimi. Ameeleza kwamba ladha zote za utotoni zilikuwa zimehifadhiwa ndani yake bila yeye kujua, kwa hiyo alipopika na kuonja aliweza kusema hapa bado, hapa pamezidi. Wanasimulia kwao kwamba alipozaliwa bibi yake alimwandikia neno takatifu Om ulimini kwa asali, na jina Madhur lenyewe maana yake ni tamu kama asali. Ulimi ule ulikuwa na elimu kabla ya mikono.

Nakaa hapa kwenye barua kwa makusudi, kwa sababu kila alichokifanya baadaye kimo humu. Alipokea mafunzo ya upishi kwa maandishi, kutoka mbali, jikoni mwa nchi isiyo na viungo vya kwao, bila mtu wa kumshika mkono. Miaka 20 baadaye aliwaandikia watu waliokuwa katika hali ileile.

Safari ya kutoka kwenye barua hadi kwenye kitabu ilipitia sinema. Alihamia New York, akaolewa na mwigizaji Saeed Jaffrey, wakazaa mabinti watatu, wakaachana katikati ya miaka ya 1960. Wawili hao ndio waliowakutanisha Ismail Merchant na James Ivory, ambao ushirikiano wao wa kutengeneza filamu ulidumu miaka zaidi ya 40. Katika filamu yao "Shakespeare Wallah" ya 1965, Madhur alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin. Filamu ilihitaji kutangazwa. Merchant, mtu aliyejua kuzungumza na watu, alimshawishi Craig Claiborne, mwandishi wa chakula wa gazeti la New York Times, aandike habari za mwigizaji huyu anayepika. Habari ilitoka Julai 1966.

Gazeti lile lilikusudiwa kuuza tiketi za filamu. Likazaa mwandishi wa mapishi. Akaombwa aandike kitabu, akakifanyia kazi kwa miaka, na hatimaye muswada ukafika mikononi mwa Judith Jones wa kampuni ya Knopf, mhariri yuleyule aliyekitoa kitabu cha kwanza cha Julia Child mwaka 1961, na ambaye kabla ya hapo, akiwa kijana Paris, aliiokota shajara ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyejificha Wanazi wasimkamate, kwenye rundo la miswada iliyokataliwa. "An Invitation to Indian Cooking" kikatoka mwaka 1973. Mwandishi alikuwa na miaka kama 40.

Je, kuna kazi gani ya miaka kadhaa katika kuandika namna ya kupika kuku? Watu wengi hudhani mapishi huandikwa kama mtu anavyonakili orodha ya vitu vya sokoni. Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Chukua kitu kimoja tu: kitunguu cha kukaanga. Ukikitoa kikiwa cheupe, mchuzi unakuwa mtamu na mwepesi. Kikiwa na rangi ya dhahabu, unapata mchuzi wa kawaida. Ukikifikisha rangi ya kahawia iliyoiva, kabla tu hakijaanza kuungua, ndipo unapata ule uzito na ile rangi ambayo mgeni hudhani imetiwa kitu. Sasa muandikie mtu wa Ohio, Marekani, ambaye hajawahi kukaanga kitunguu kupita weupe. Lazima umwambie mafuta kiasi gani, moto upi, dakika ngapi, rangi ipi, harufu ipi, na akiona kinaanza kushika afanye nini. Kisha umwambie kwamba tangawizi na kitunguu saumu huingia baada ya hapo, maana vikitangulia vitaungua. Kisha bizari ya kusaga, na hiyo sekunde chache tu kabla ya nyanya. Kila hatua lazima uijaribu tena na tena kwa vipimo, jikoni mwako, kwa nyanya na kuku wanaopatikana dukani kwake, kwa sababu vya kwenu hana. Kosea kipimo kimoja cha chumvi, na watu elfu kumi watakula chakula cha chumvi jioni moja.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. "Mpaka kiwe sawa" ya mama inageuzwa kuwa kitu ambacho mtu asiyewahi kuiona hiyo "sawa" anaweza kuifikia, na ndiyo maana namheshimu Jaffrey kama mwandishi kwanza. Sentensi zake hutangulia mkono wa msomaji: anakwambia mbegu za haradali zitaruka kutoka kwenye kaango, basi uwe na kifuniko karibu.

Kisha ikaja televisheni. BBC ilimleta mwaka 1982, na kitabu cha kipindi, "Madhur Jaffrey's Indian Cookery", kikatoka pamoja nacho. Kwa nini vitu hivi viwili hutembea pamoja kama chapati na mchuzi? Nusu saa ya kipindi haiwezi kubeba vipimo. Mtazamaji anaona mvuke, anaona rangi, anasikia mafuta yakilia, anatamani. Lakini kesho yake akisimama jikoni hakumbuki ni vijiko viwili au vitatu. Picha huleta ujasiri, kitabu huleta kumbukumbu. Kitabu chenyewe, bila picha, huwaogopesha watu wasiojua "nyekundu-kahawia" ni rangi gani. Jaffrey alikuwa tayari amefanya ile nusu ngumu, ya maandishi. Nusu ya pili ilihitaji mwigizaji.

Tusiidharau sanaa hii. Kupika mbele ya kamera ni kufanya mambo manne kwa pamoja: mkono ukate, mdomo ueleze, macho yamtazame mtu asiyekuwepo, na kitunguu kisisubiri. Nyuma ya meza kuna sufuria mbili tatu za chakula kilekile katika hatua tofauti, ili kinachohitaji saa moja kionekane kwa dakika. Wapishi hodari wengi hukauka hapo, wakawa wanasoma. Yeye alikuwa amefundishwa RADA namna ya kusema maneno yaliyoandaliwa kama vile yanazaliwa sasa hivi. Mwenyewe amesimulia kwamba alipopika kuku wa limau na giligilani mbichi, siku ya pili yake giligilani iliisha Manchester nzima. (Wakenya wataisoma dania, ni majani yaleyale.) Na alipofungua mlango hakuufunga nyuma yake. Ken Hom, aliyewafundisha Waingereza mapishi ya Kichina kwenye BBC mwaka 1984, alifika pale baada ya Jaffrey kumpendekeza.

Vipindi vingine vilifuata, kikiwemo cha Asia ya Mashariki mwaka 1989 na kile cha 1995 ambacho alizunguka India jimbo kwa jimbo, Kerala, Gujarat, Goa, Bengali Magharibi. Hicho cha mwisho mtu wa pwani yetu akikitazama ataona ndugu zake: nazi ya Kerala, samaki wa Goa, bajia za Gujarat.

Lakini kuna fundo jingine, na hili linatuhusu moja kwa moja. Katika kitabu chake cha 1973, Jaffrey alilishambulia neno "curry". Alisema linaudhalilisha upishi mkubwa wa India kama "chop suey", jina la mseto wa nyama na mboga wa mikahawa ya Kichina ya Marekani, lilivyoudhalilisha wa China. Kwa hasira hiyo alikuwa na haki. Neno linasemekana limetokana na "kari" la Kitamil, Waingereza wakalichukua, na kufikia mwaka 1747 Hannah Glasse alikuwa ameshaliingiza katika kitabu chake cha mapishi kule London. Karne hiyohiyo unga wa bizari uliochanganywa tayari ukaanza kuuzwa madukani Uingereza. Basi korma ya Lucknow, vindaloo ya Goa na samaki wa nazi wa Kerala, vyote vikaingizwa katika kopo moja la manjano. Fikiria mgeni amekula papa wa nazi Pemba, rosti ya ng'ombe Dar es Salaam na kuku wa kupaka Mombasa, kisha akarudi kwao akaviita vyote jina moja na kuuza unga wake.

Miaka 30 baadaye, mwaka 2003, mwanamke yuleyule akatoa kitabu kinachoitwa "Ultimate Curry Bible". Mwaka 2012 akatengeneza kipindi kinachoitwa "Curry Nation". Wapo wanaosema biashara imemshinda. Mimi siamini hivyo, na sababu zangu ziko kwenye ramani. Kitabu cha 2003 kinaufuata mchuzi ulikokwenda na watu: kwa vibarua waliopelekwa Natal, Afrika Kusini, kuanzia 1860, waliopelekwa Karibea, waliokuja kwetu. Reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, ilileta Wahindi wapatao 32,000, na wafanyabiashara walikuwa pwani tangu zamani. Mchuzi uliofika Durban, Trinidad, Kampala na Mombasa ulikaa vizazi, ukabadilika, ukawa na jina. Neno lililokuwa tusi kwa chakula cha Delhi likawa jina halali la chakula cha Durban. Mtu anayejali chakula lazima abadili msimamo pale chakula chenyewe kinapobadilika, na yeye alibadili hadharani, kwenye jalada.

Hata Uingereza aliyoikuta 1982 ilikuwa imebebwa nusu na watu wa kwetu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende huko. Wakaenda. Barabara ya Belgrave ikajaa maduka ya viungo, dengu, bamia na mihogo, ambayo hadi leo Wagujarati wa Uingereza wanaiita "mogo", neno la Kiswahili lililosafiri na mizigo yao. Wakati Jaffrey anamwambia mama wa Kiingereza atafute binzari nyembamba na iliki nzima, palikuwa na watu waliokuwa wameshazipanga rafuni miaka kumi, na baadhi yao walikuwa wakihesabu chenji kwa Kiswahili wakitaka siri. Mwalimu alionekana kwenye kioo. Wenye duka hawakuonekana, nami nataka watajwe hapa.

Heshima zimemfikia. Uingereza ilimpa nishani ya CBE ya heshima mwaka 2004, India ikampa Padma Bhushan mwaka 2022. Katika miaka yake ya 80 aliandika kitabu cha mapishi ya sufuria ya umeme ya presha, akaanza upya kupima dakika za dengu. Na mwaka 2019 alirudi kwenye kazi yake ya kwanza kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia: aliigiza bibi mkali, mwenye matusi, katika video ya rapa wa New York aliyejiita Mr. Cardamom, yaani Bwana Iliki. Wimbo unaitwa "Nani", ambayo kwa Kihindi ni bibi mzaa mama. Rapa huyo alizaliwa Kampala, baba yake ni mmoja wa waliofukuzwa na Amin. Ni Zohran Mamdani, ambaye Novemba 2025 alichaguliwa kuwa meya wa New York.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi niliamua kujaribu kazi ya Jaffrey kwa mikono yangu. Nilikwenda Tanga kwa shangazi na mizani ndogo, daftari na saa, nikamwomba anipikie pilau lake, na kila anachochota akipitishe kwanza kwangu. Alivumilia binzari nyembamba. Alivumilia mdalasini. Nilipomshika mkono kabla ya chumvi akasema, "Mwanangu, unanipimia kama daktari." Nikaandika: vitunguu vinne vya wastani, dakika 14, rangi ya kahawa. Akachungulia daftarini, akatikisa kichwa. "Usiandike hivyo. Vya leo vina maji. Vya Ijumaa vilikuwa vikavu, vingekuwa vimeshaungua." Nikauliza nitajuaje kama vina maji. Akachukua kimoja kwenye kapu, akakibonyeza shingoni kwa kidole gumba, akanipa nami nibonyeze, kisha akanipa kingine. Nikaandika kuhusu shingo ya kitunguu, ilivyo ikiwa mbichi na ilivyo ikikauka, na dakika za kila kimoja. Ukurasa ulijaa kabla mchele haujaingia sufuriani.